Neno ‘Udhibiti’ Linapopimwa kwa Treni za Mfano

Miongoni mwa vitenzi vilivyotumikishwa kupita kiasi katika tafsiri zetu za kiufundi, kitenzi ‘dhibiti’ kimeshika nafasi ya mbele. Kitabu cha pampu ya maji hukitumia, tangazo la dawa ya kuua wadudu wa mikorosho hukitumia, sheria hukitumia, na maelezo ya cherehani ya umeme nayo hukitumia. Mfasiri akikutana na lile neno moja la Kiingereza ambalo mafundi wa nchi zote wamelizoea, huandika ‘udhibiti’ pasipo kusita, na chombo chenyewe hukiita ‘kidhibiti’. Makala haya hayakusudii kulifukuza neno hilo. Yanakusudia kulipima, na kipimo tulichokichagua ni kidogo cha kutosha kuwekwa juu ya meza: ubao wenye reli za mfano, treni ndogo tatu au nne, betri, nyaya na swichi, na haja ya kuziendesha treni hizo zote kwa wakati mmoja bila ya kugongana.

Huenda msomaji akauliza kwa nini habari ya treni iandikwe na mtu anayefundisha Milola. Reli haikupata kufika Milola. Ile ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Mpango wa Karanga, ilianzia Mkwaya, karibu na mji wa Lindi, ikaenda Nachingwea. Baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, na mwaka 1962 ikafungwa. Mtoto wa Milola leo aghalabu ameiona treni katika picha au katika simu tu. Lakini hiyo ndiyo faida yetu. Istilahi ya reli inayoeleweka na mtoto aliyezaliwa karibu na stesheni ya Kigoma haijathibitisha kitu, kwa maana huenda ameijua treni kwanza na neno baadaye. Istilahi inayoeleweka Milola imeeleweka kwa nguvu zake yenyewe.

Tuanze na ubao ulio rahisi kuliko zote. Treni ya mfano ya aina ya kawaida haibebi umeme wake. Huupata kutoka chini. Chuma cha kulia kimeunganishwa na ncha moja ya betri, na cha kushoto na ncha ya pili. Mkondo hupanda kwa magurudumu ya upande mmoja, hupita katika mota, hurudi kwa magurudumu ya upande wa pili. Betri nane za volti 1.5 zikipangwa kwa mfululizo hutoa volti 12, na hizo zatosha. Katikati huwekwa kitufe cha kuzungusha ambacho huongeza au hupunguza volti. Volti zikipanda treni hukaza mwendo, zikishuka hulegea. Ncha za betri zikibadilishana, treni hurudi kinyumenyume.

Hapo mwalimu hukishika kitufe na kuuliza: “Ninadhibiti nini?” Darasa lote hujibu: treni. Basi na aiweke treni ya pili juu ya vyuma vile vile. Akizungusha kitufe, zote mbili huondoka pamoja. Akikirudisha, zote mbili husimama. Jibu la darasa limekwisha kuvunjika. Kilichokuwa mkononi mwake tangu mwanzo hakikuwa treni, bali njia. Na kila kilichosimama juu ya njia kilitii kwa kuwa kimesimama pale.

Kabla ya kuendelea yafaa tuseme neno juu ya ‘reli’ yenyewe. Kwetu ‘reli’ ni kile chuma kimoja, ni vyuma viwili pamoja na mataruma yake, ni njia yote ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na katika mazungumzo ni shirika zima pia. Katika habari za safari utata huu haudhuru. Katika habari za nyaya unaunguza vitu. Fundi akiambiwa ‘unganisha waya huu na reli ya pili’, je, ni chuma cha pili cha njia hii, au ni njia ya pili iliyo kando? Waya ukiunganishwa pasipo mahali pake, mkondo hurudi ulikotoka bila ya kupita katika mota, na betri hupata moto. Sisi tumezoea kusema ‘chuma’ kwa kimoja na ‘njia’ kwa viwili, na kuliacha neno ‘reli’ kwa jambo zima. Si uvumbuzi, ni kuyagawia kazi maneno yaliyokuwapo.

Sasa namna ya kwanza ya kuziendesha treni nyingi. Njia hukatwa vipande. Yatosha kukata chuma cha upande mmoja tu. Chuma cha upande wa pili huachwa kizima, nacho huwa njia ya marejeo ya mkondo kwa vipande vyote. Kila kipande hupewa waya wake na swichi yake, na swichi hiyo huchagua kati ya kitufe cha mwendeshaji wa kwanza na kile cha mwendeshaji wa pili, au hukiacha kipande bila ya umeme kabisa. Mwendeshaji wa kwanza ana treni yake katika kipande cha kwanza, wa pili ana yake katika kipande cha tatu, na treni ya tatu imelala katika kipande cha tano ambacho swichi yake imezimwa. Treni ya kwanza ikitaka kuingia kipande cha pili, sharti swichi ya kipande hicho igeuzwe kwanza kumwelekea mwendeshaji wa kwanza. Akisahau, treni itasimama mpakani. Na ikiwa swichi ilikuwa imeelekezwa kwa mwenzake, treni itamtoka mkononi na kumtii mwingine.

Jambo hili si mchezo wa mezani tu. Katika njia za reli za Uingereza za karne ya 19 zilizokuwa na njia moja tu ya kwenda na kurudi, dereva hakuruhusiwa kuingia katika kipande mpaka akabidhiwe fimbo ya kipande hicho, na fimbo ya kila kipande ilikuwa moja. Usalama haukutokana na kasi wala breki. Ulitokana na ukweli kwamba fimbo moja haiwezi kuwa katika mikono ya watu wawili.

Turudi kwa mfasiri. Ubao huu una angalau kazi nne zilizo mbali mbali. Kuna kuongeza na kupunguza mwendo, ambayo ni kazi ya kitufe. Kuna kukigawa kipande kwa mwendeshaji huyu au yule, ambayo ni kazi ya swichi. Kuna kuamua treni ipi itangulie na ipi ingoje, na hiyo si kazi ya chombo bali ni ya mtu anayeutazama ubao wote. Tena kuna kuukata umeme mara tu hatari inapotokea, kazi ya fyuzi au ya swichi kuu. Kwa Kiingereza zote nne zaweza kuitwa kwa neno lile moja, na mtumiaji wa Kiingereza huokolewa na maneno anayoyaongeza mbele yake. Mfasiri wetu naye huandika: ‘Zungusha kidhibiti baada ya kidhibiti cha sehemu kuruhusu udhibiti wa treni ya pili.’ Sentensi ya aina hii ni sahihi kwa sarufi, na haina maana. Mtu ajuaye jambo lenyewe angeandika: ‘Geuza swichi ya kipande cha tatu ielekee kitufe cha pili, kisha ongeza mwendo.’ Hakuna istilahi mpya hata moja katika sentensi hiyo ya pili, na mtoto wa darasa la sita aliitekeleza mbele yetu bila ya kuuliza swali.

Namna ya pili ni mpya zaidi, nayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Mfumo huu ulibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1980 na Bernd Lenz, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani kikaufanya kuwa wa kusanifiwa. Hapa vyuma havikatwi ili kuzitenganisha treni. Njia yote hujazwa umeme kamili wakati wote, na ncha zake hubadilishana maelfu ya mara kwa sekunde. Mabadiliko hayo huwa mafupi au marefu, na mpangilio wa mafupi na marefu ndio ujumbe. Ndani ya kila treni mna kijisanduku chenye namba yake. Ujumbe hupita katika vyuma vyote kama mbiu inayopigwa kijiji kizima. Kila treni huisikia, lakini ile iliyotajwa kwa namba yake ndiyo hutenda. Namba 3, nenda mbele kwa mwendo wa kati. Namba 7, simama. Treni mbili zaweza kusimama katika kipande kimoja, moja ikaondoka na ya pili ikabaki.

Katika namna ya kwanza aliyeshika kitufe alitawala njia. Katika ya pili anaiamuru treni. Lugha isiyoonyesha tofauti hiyo haijaufasiri mfumo wowote kati ya hiyo miwili. Ukiandika ‘udhibiti wa vipande’ na ‘udhibiti wa kidijitali’, msomaji atadhani ni jambo lile lile lililobadilishiwa vifaa. Sisi twapendekeza ‘uendeshaji kwa vipande’ na ‘uendeshaji kwa wito’. Wito ni neno kongwe, halina haja ya kuelezwa, nalo lasema waziwazi kwamba kuna anayeita, kuna jina linaloitwa, na kuna wengi wanaosikia pasipo kuhusika.

Na kijisanduku kile tukiiteje? Hapa Watanzania wote, hata wa Milola, walikwisha kupewa jibu. Matangazo ya televisheni ya mfumo wa analojia yalipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012 na kwingineko baadaye, kila nyumba yenye televisheni ilipaswa kununua kifaa cha kupokelea mfumo mpya, nacho kikaitwa ‘king’amuzi’. Baadaye ‘kisimbuzi’, lenye mnasaba na ‘msimbo’, likaenea katika matangazo rasmi. Tunafahamu hoja ya wanaolipenda: lina ukoo, laweza kuzaa ‘simbua’ na ‘usimbuaji’, na linakaa vizuri na msamiati wa kompyuta. Hata hivyo kwa kazi tunayoizungumzia twaona king’amuzi linazidi. Kung’amua ni kutambua jambo lililofichika miongoni mwa mengine. Na kijisanduku cha treni hakifanyi ila hilo, kuitambua namba yake katika kelele za namba nyingi. Kusimbua ni hatua ya pili. Kamati ikiona lazima kuyaweka yote mawili, basi na iyape kazi mbili, lakini isilifute lile ambalo wananchi walilizoea kwa gharama ya fedha zao wenyewe.

Tofauti ya njia na treni imekwisha kutoka mezani na kuingia katika maisha ya nchi. Treni za umeme za Shirika la Reli Tanzania zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwezi Julai mwaka huo zikafika Dodoma. Zinatumia umeme wa volti 25,000 wa gridi ya taifa, na katika gridi hiyo umo umeme wa gesi ya Songo Songo, pwani yetu ya Kilwa. Mwendo wao hufika kilomita 160 kwa saa. Mfumo wa kuziongoza ni ule wa Ulaya wa ngazi ya pili, ambao ruhusa ya kwenda hupelekwa kwa redio hadi kwa treni yenyewe. Vipande vya njia bado vipo, na ndivyo vinavyotoa habari kwamba treni iko wapi. Ila kauli ya ‘nenda hadi hapa’ sasa huambiwa treni. Reli hiyo basi ina namna zote mbili kwa pamoja, na kila mwongozo wa kazi utakaofasiriwa kwa ajili yake utakuwa na neno letu hili kila ukurasa.

Si hayo tu. Chombo cha serikali kinachosimamia usafiri wa reli ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoanzishwa mwaka 2019. Hapo ‘udhibiti’ ni kazi ya kisheria: kutoa leseni, kuweka masharti, kukagua. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na ya mahakama, neno hilo katika jina hilo lina uzito wa hukumu. Fikiria basi waraka mmoja wenye Mamlaka ya Udhibiti, na kituo cha udhibiti wa treni, na kidhibiti mwendo ndani ya kichwa cha treni, na udhibiti wa ajali. Mtumishi wa serikali aliyeulizwa ‘nani alikuwa na jukumu la udhibiti?’ ana majibu manne, na yote manne yana kifungu cha kuyatetea.

Tarehe 24 Juni 2002, mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma ikaigonga treni ya mizigo, na watu 281 wakafariki. Hatuitaji ajali hiyo ili kuichunguza. Wachunguzi walikuwa na kazi yao. Twaitaja kwa sababu mwenye kuandika juu ya msiba wa namna hiyo kwamba ‘udhibiti ulishindikana’ atakuwa ameficha swali lote. Ilishindikana kusimamisha magurudumu? Au kuitenga treni na nyenziwe? Au kupeleka habari kwa wakati? Taarifa za ajali za barabarani, ambazo wasomi hawaziheshimu sana, zina neno bora kuliko letu: husema dereva ‘alishindwa kulimudu gari’. Kumudu ni kuwa na uwezo juu ya kitu kinachokwenda. Neno hilo limekaa barabarani miaka mingi likitungoja.

Pendekezo letu ni jepesi. ‘Udhibiti’ libaki kwa sheria na kwa mamlaka zake. Kazi ya mwenye kuutazama ubao wote, au ya mtu wa kituo kikuu, iitwe ‘uongozaji’, na mwenyewe awe ‘mwongoza treni’. Hatubuni kitu, kwani viwanja vya ndege vina ‘waongoza ndege’ tangu zamani na hakuna aliyewadhania kuwa marubani. Kazi ya dereva ni ‘kuendesha’, na uwezo wake juu ya chombo ni ‘kumudu’. Kitufe na kiitwe kitufe cha mwendo. Atakayeona majina haya ni ya kawaida mno kwa istilahi na aeleze ni lini ukawaida uligeuka kuwa kasoro.

Upo ukinzani mwingine wa kuuangalia, juu ya ‘mzunguko’. Vitabu kadhaa huita njia ya umeme ‘mzunguko’, na vingine ‘sakiti’. Wapenda Kiswahili hulichagua la kwanza. Ubaoni kwetu, treni huzunguka njia ya duara mchana kutwa. Mwanafunzi akisema ‘mzunguko umekatika’, hatujui kama chuma kimefunguka au waya umechomoka. Katika kazi hii ‘sakiti’ ndilo lenye faida, ingawa ni la mkopo. Vivyo hivyo ‘shoti’. Tumekuta mahali likifasiriwa ‘mzunguko mfupi’, tafsiri ya neno kwa neno isiyoeleza kitu: shoti yaweza kutokea mwisho wa waya wa mita ishirini. Nayo magazeti huandika ‘hitilafu ya umeme’ kwa kila nyumba iliyoungua, kauli ya heshima isiyomlaumu mtu. Shoti ni shoti. Hutokea hasa pale njia inapojikunja kama kitanzi na kurudi ilikotoka, kwa kuwa chuma cha kulia hukutana na kile cha kushoto. Dawa yake ni kukikata kitanzi pande zote mbili, vyuma vyote viwili, na kukipa swichi yake ya kubadilisha ncha. Hata mfumo wa wito hauepuki sharti hili. Umeme haujali namba.

Majina ya treni zenyewe tuyapitie upesi. ‘Garimoshi’ lina haki yake katika historia, lakini ‘garimoshi la umeme’ ni kichekesho. ‘Reli ya kisasa’ nayo ina shida: upana wake wa milimita 1,435 ni ule wa George Stephenson, uliotumika kati ya Liverpool na Manchester mwaka 1830, wakati Reli ya Kati ya milimita 1,000 ilianza kujengwa mwaka 1905. Kilicho cha kisasa ni umeme na mawasiliano, siyo upana. Ila wananchi wamejitengenezea moja zuri. Treni zisizo na kichwa cha peke yake, ambazo mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa na pua yake imechongwa, wameziita ‘mchongoko’, na shirika lenyewe likalipokea. Kwa ubao wetu limetufaa sana, kwa sababu ‘kichwa cha treni’ hupoteza maana pale kinaposukuma kutoka nyuma.

Limebaki neno la mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili. Tumekuta ‘swichi ya reli’, nalo halitufai hata kidogo: ubao una swichi kumi na mbili za umeme, na kuongeza swichi isiyo ya umeme ni kutafuta shoti. Watoto hawakungoja kamati. Waliita ‘panda’, kama panda ya manati, na kile chuma chembamba kinachosogea kushoto na kulia wakakiita ‘ulimi’. Tunayaleta maneno hayo mawili mbele ya Baraza, pamoja na tanbihi moja ya kiufundi ambayo mfasiri asiisahau: katika panda nyingi za mfano ulimi hupitisha umeme pia, kwa hiyo panda ikigeuzwa, njia isiyochaguliwa hukosa mkondo na treni iliyoko huko husimama, ingawa hakuna aliyegusa kitufe chake.